Vakansi ya Irlandi: mji mmoja, historia moja, pwani moja

Wamama wapendwa, katika vikundi vyetu hawakosi wenye mtoto, mjukuu ao mdogo wao anayeishi Irlandi. Siku moja simu inalia: "Mama, kuja uone kwetu." Furaha inajaa nyumbani. Kisha maswali yanafuata: tiketi, viza, nguo za baridi, na zaidi ya yote, zile siku kumi tutazifanyia nini? Mtoto ana kazi, wajukuu wana masomo, na pesa ya likelemba haiokotwi njiani. Anayetaka kuona kila kitu ataona dirisha la basi tu.

Ndiyo sababu juma hili tunawapa kanuni nyepesi: chagueni mji mmoja, historia moja na pwani moja. Mkibaki na nguvu, ongezeni. Mkichoka, mmekwisha kuiona nchi.

Mambo ya kujua mbele ya kuchagua

Kisiwa cha Irlandi kimegawanyika mara mbili. Sehemu kubwa ni Jamhuri. Mji wake mkuu ni Dublin na pesa yake ni euro. Kaskazini, kwenye mji wa Belfast, ni chini ya Uingereza, na pesa ni pauni. Barabarani hakuna kizuizi cha mpaka, lakini sheria iko: viza ya Irlandi peke yake haikupi ruhusa ya kuingia Kaskazini. Vile vile, viza ya Ubelgiji ao ya Ufaransa si viza ya Irlandi. Mama anayetamani Giant's Causeway, ile pwani yenye nguzo za mawe karibu 40 000 zilizotokana na moto wa volkano, ajue kwamba iko Kaskazini. Aulize juu ya karatasi zake mapema, asingoje siku ya safari.

Hali ya hewa nayo si ya kudharau. Katika mwezi wa saba, joto la mchana ni kati ya digrii 15 na 20. Mtu wa Bukavu ataona kama asubuhi ya kwao. Mtu wa Kalemie atatafuta blanketi. Mvua inaweza kunyesha siku yoyote, zaidi upande wa magharibi. Koti la mvua na viatu vilivyofungwa vizuri vinafaa kuliko mwavuli, kwa sababu upepo wa bahari unaugeuza ndani nje. Lakini kuna zawadi: katika mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne ya usiku. Mtoto akitoka kazini jioni, bado mna mchana wa kutembea pamoja.

Tena, magari ya kule yanapita upande wa kushoto, si kama kwetu. Mkivuka barabara, angalieni kwanza mkono wa kuume, na mjukuu mshike mkono.

Mji gani?

Dublin ni mji wa mama anayefika mara ya kwanza. Mto Liffey unaukata katikati, na mengi yanafikiwa kwa miguu ao kwa basi. Katika chuo cha Trinity, kilichoanzishwa mwaka 1592, kunatunzwa Kitabu cha Kells, Injili iliyoandikwa na kupambwa kwa mkono karibu mwaka 800. Makumbusho ya taifa na nyumba ya taifa ya picha zilizochorwa, kuingia ni bure. Mkikutwa na mvua mnajua pa kukimbilia. Kando ya mto kuna sanamu za watu waliokonda, wanatembea kuelekea meli. Zinakumbusha njaa kubwa ya miaka ya 1845 hadi 1852, wakati viazi vilipoozea shambani. Watu karibu milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Mmoja wa wale waliokonda amebeba mtu begani. Mama aliyewahi kukimbia vita hahitaji kuelezwa sanamu hizo.

Galway, upande wa magharibi, ni mji mdogo wenye muziki barabarani na bahari mlangoni. Treni kutoka Dublin inachukua karibu saa mbili na nusu. Unafaa familia yenye vijana, kwa sababu ni mlango wa kwenda kwenye miamba ya Moher na visiwa vya Aran. Katika vijiji vingine vya pande hizo watu bado wanasema Kiirlandi nyumbani, na katika nchi nzima vibao vya barabara vimeandikwa kwa lugha mbili. Waonyesheni wajukuu vibao hivyo: kumbe hata kule kuna wazazi wanaopigania lugha ya nyumbani isipotee.

Cork, kusini, unapendeza mama ambaye hapendi makelele ya mji mkuu. Kutoka pale, treni ndogo inafika Cobh kwa chini ya nusu saa. Cobh ni bandari ambako karibu watu milioni mbili na nusu walipanda meli kwenda ng'ambo, kati ya 1848 na 1950. Meli ya Titanic ilisimama hapo mwisho, tarehe 11 Aprili 1912. Kwenye gati kuna sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili wa kiume. Msichana huyo ndiye aliyepokewa wa kwanza kwenye kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892. Aliondoka na wadogo zake mkononi kuwafuata wazazi. Watoto wetu waliopanda ndege wamepita njia ile ile.

Historia gani?

Ya kale kabisa ni Newgrange, kaskazini ya Dublin. Ni kaburi kubwa la mawe lililojengwa karibu miaka 3200 mbele ya Kristo, kwa hiyo limezidi piramidi za Giza kwa umri. Katika siku fupi kabisa za mwezi wa kumi na mbili, jua la asubuhi linaingia kwa tundu lililo juu ya mlango na kuangaza chumba cha ndani kwa dakika kama 17. Njia ya ndani ni nyembamba na inainamisha mgongo. Mama mwenye kuumwa kiuno abaki nje, hata huko nje ni pazuri.

Wanaopenda sala na utulivu waende Glendalough, katika milima ya Wicklow, ambako mtakatifu Kevin alianzisha monasteri katika karne ya sita. Mnara wake wa duara, karibu metre 30, ungali wima kando ya maziwa mawili.

Wanaotaka kuelewa namna nchi ile ilipata uhuru wake waende gereza la Kilmainham, Dublin. Viongozi kumi na wanne wa uasi wa mwaka 1916 walipigwa risasi mle. Mmoja wao, Joseph Plunkett, alifunga ndoa na Grace Gifford katika kanisa la gereza saa chache tu mbele ya kuuawa. Tiketi zinakwisha haraka. Mtoto azitafute kwa intaneti mapema.

Lakini kuna historia moja ambayo sisi wa Kongo hatupaswi kuipita. Roger Casement alizaliwa Sandycove, kando ya Dublin, mwaka 1864. Alikuwa konsuli wa Uingereza katika nchi yetu wakati wa mfalme Leopold. Mwaka 1903 alipanda mto, akaingia vijiji vya kauchu, akasikiliza watu waliokatwa mikono na waliopoteza ndugu zao. Ripoti yake ilitoka mwaka 1904. Mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Tukumbuke vizuri: waliosema ni wazee wetu, yeye aliandika. Baadaye aligeukia uhuru wa nchi yake mwenyewe, na Waingereza wakamnyonga London mwaka 1916. Mifupa yake ilirudishwa mwaka 1965, ikazikwa kwenye makaburi ya Glasnevin, Dublin.

Katika makaburi yale yale wamelala askari wa Irlandi waliokuja kwetu na ONU. Tarehe 8 Novemba 1960, karibu na Niemba, askari kumi na mmoja walishambuliwa na wapiganaji wa Kiluba, tisa walikufa. Wakati ule Katanga ilikuwa imejitenga, vijiji vya Baluba vilikuwa vimechomwa, na kwa wengi kila mzungu mwenye bunduki alikuwa adui. Mwaka uliofuata, Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, askari wa Irlandi zaidi ya 150 walizungukwa siku tano mpaka risasi na maji vikakwisha. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa, lakini walitekwa, na kwao walibeba aibu ya kusalimu amri kwa miaka mingi. Medali zao zilikuja mwaka 2017.

Mkifika Glasnevin, kuingia kwenye makaburi ni bure. Wamama wa Niemba walilia, na wamama wa Dublin walilia. Maua ya bei ndogo yanatosha.

Pwani gani?

Miamba ya Moher inajulikana kuliko zote: ukuta wa mawe unaofika metre 214 juu ya bahari ya Atlantiki. Ni ajabu ya kuona, lakini kuna upepo mkali, watu wengi, na kuingia kunalipiwa. Msitoke kwenye njia iliyowekwa, na watoto wasikaribie ukingo. Kisiwa cha Skellig Michael, ambako watawa waliishi juu ya mwamba, kina ngazi 618 za mawe zisizo na pa kushikia, na bahari ikichafuka mashua haziendi. Hicho tunawaachia vijana.

Kwa mama mwenye magoti mazito tunapendelea Dún Laoghaire. Treni ya DART inatoka Dublin na kufuata bahari mpaka pale. Kuna njia tambarare ya kutembea, mabenchi, na kando ya maji sanamu ya Casement mwenyewe, si mbali na pale alipozaliwa. Wenye gari na siku za ziada wafike Banna, kule Kerry: mchanga mrefu ambako Casement alitua kutoka kwa manowari ya Wajerumani mwaka 1916 na kukamatwa siku ile ile. Kuna mnara wa ukumbusho, na nafasi tele ya watoto kukimbia.

Tungechagua nini sisi?

Kama tungepewa siku kumi, tungelala Dublin kwa mtoto. Siku mbili za kwanza ni za kupumzika na kupika. Sombe na bukari visichelewe. Kisha makumbusho siku moja, Glasnevin siku moja, Dún Laoghaire Jumamosi pamoja na wajukuu wote. Safari moja ya treni mpaka Cork na Cobh, kulala usiku mmoja. Siku zinazobaki ziwe za nyumbani.

Sababu yetu ni hii. Bibi anayefika Ulaya anakuwa kama mtoto. Anashikwa mkono, anatafsiriwa, anaonyeshwa namna ya kufungua mlango. Wajukuu wanampenda, lakini wanaweza kufikiri kwamba hana la kuwafundisha, na Kongo kwao ni jina linalosikika kwenye televisheni wakati wa vita. Mbele ya sanamu ile ya Casement mambo yanageuka. Pale mjukuu ndiye anayeuliza: "Bibi, huyu mtu alifanya nini kwenu?" Na bibi ndiye anayejua. Anaweza kueleza kauchu, mto, Leopold, Niemba, na namna babu zake walivyoishi. Hakuna kitabu cha masomo kitakachomwambia mtoto yule kwa sauti ile.

Basi, wamama, mbele ya mkutano wa juma lijalo, waulizeni wazee wa familia zenu wanakumbuka nini juu ya askari wa ONU wa miaka ile na juu ya siku za kauchu. Andikeni hata mistari mitano kwenye daftari. Atakayepata safari ataibeba pamoja na sombe yake kavu, na haitalipiwa uzito kwenye ndege.