Shairi na Nyuzi za Litungu

Katika matamasha ya kiangazi ya Ulaya na Marekani si ajabu kumkuta msomaji wa mashairi ameketi kando ya wapiga fidla, sauti yake ikipishana na nyuzi zao. Jambo hilo husifiwa kama uvumbuzi. Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili sifa hizo zinashangaza kidogo, maana katika upwa wa Afrika Mashariki utungo na ala vimelala chumba kimoja tangu zamani. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), aliufanya uimbikaji kuwa sharti la shairi; na huko Mombasa yamkini tungo nyingi za Ahmad Nassir zilijulikana kwanza kwa koo la binamu yake, Juma Bhalo, kabla ya kusomwa vitabuni.

Hata hivyo, anayetaka kulipima suala hili kwa kina hana budi kuondoka pwani na kwenda bara, hadi Kitale, katika mtaa wa Tuwan. Huko mtoto husikia Lubukusu, Kiturkana, Kisabaoti na Kiswahili cha mtaani kabla hajafunguliwa kitabu cha mashairi. Agosti, ambao Ulaya ni mwezi wa jua, Kitale ni mwezi wa mvua, na mghani hushindana na kishindo cha matone juu ya mabati. Ndio pia mwezi ambao kwa kawaida Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, hufikia kilele chake. Tamasha hilo limewapa maelfu ya watoto jukwaa la kukariri mashairi, na ni haki lishukuriwe. Lakini shairi lina daraja lake na ala za kiasili zina daraja lake. Mtoto mmoja hughani kwa mikono na macho pasi na uzi hata mmoja, na mwenzake hupiga litungu mbele ya waamuzi wanaosikiliza upigaji.

Litungu ni ala ya Wababukusu, yenye nyuzi saba na kisanduku kilichowambwa ngozi. Mpigaji ndiye huyo huyo mwimbaji: kidole na ulimi vina bwana mmoja, naye hujua pa kuzipunguza nyuzi ili jina la marehemu au la ukoo lisikike. Pindi shairi la Kiswahili linapoletwa na mtu wa pili, mabwana huwa wawili, na hapo ndipo penye kazi. Lubukusu ni lugha ya toni. Kiswahili hakina toni, bali huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Nyuzi zilizozoea kufuata mpando na mshuko wa Lubukusu hukutana na mstari wa mizani kumi na sita, uliokatwa katikati kwa kina. Mpigaji asiyejali huupita mkato huo kama gari lipitavyo kituo, na kina, ambacho ndicho mlango wa maana, humezwa. Taarabu ililitatua tatizo hili kwa namna yake: ala huachiwa nafasi pana kati ya beti, kisha hunyenyekea mwimbaji anaporejea.

Wapo watakaodai kwamba kuliweka litungu chini ya shairi ni kuliokoa shairi na ubaridi wa darasani. Dai hilo lina nusu ya ukweli. Muziki unaopigwa mfululizo huligeuza shairi kuwa pambo, na hadhira husifu mahadhi bila kukumbuka neno. Wababukusu wenyewe hawakuichanganya kila kauli na nyuzi. Katika khuswala kumuse, hotuba ya kuwafariji wafiwa baada ya maziko ya mzee, msemaji hutembea peke yake uwanjani akinena bila ala, na watu wazima hukaa kimya wakisikiliza. Jamii iliyolitunza litungu ndiyo iliyojua pia mahali pa kuliweka chini.

Kwa hiyo kijana wa Tuwan atakayeghani kando ya litungu afundishwe kwanza kunyamaza, na mpigaji ausome ubeti kabla ya kukaza nyuzi. Na mkutano huo ukipewa daraja lake tamashani, itabidi pia iamuliwe nani aketi kwenye meza ya waamuzi: mwalimu wa muziki, wa Kiswahili, au mzee aliyelelewa na litungu ambaye hajapata kuijaza fomu ya alama.