Kwa Taa wa Rio Negro

Kutoka Manaus kwenda Barcelos kwa boti ni zaidi ya kilomita 400 za kupanda mto, mchana na usiku. Nilikuwa sijawahi kukanyaga Brazili. Nilifika kwa njia ya Addis Ababa na São Paulo, na kilichonivusha Atlantiki ni samaki mmoja tu: taa wa mtoni.

Sisi wa pwani taa tunamjua wa baharini. Huyu wa Amazon ni jamaa yake, ila mababu zake waliingia mtoni mamilioni ya miaka iliyopita, na mwili wake ukazoea maji yasiyo na chumvi hata leo hawezi tena kurudi baharini. Wafugaji wa samaki wa mapambo humnunua kwa bei kubwa, kisha wengi humpoteza mapema. Nami ni mfugaji, na nilitaka kuyapima mwenyewe maji anayotoka.

Maji ya Rio Negro ni kama chai ya rangi iliyokolea. Ukizamisha mkono, vidole hugeuka rangi ya kahawia. Rangi hiyo hutokana na majani yanayooza katika misitu inayofurika, na uozo huo ndio unaoyafanya maji yawe na asidi nyingi.

Barcelos inajulikana kwa samaki wa mapambo, na wanaowavua huitwa piabeiro. Mmoja wao, mzee wa maneno machache, alikubali kunichukua kwenye mtumbwi wake. Ulikuwa msimu wa maji machache, mafungu ya mchanga mweupe yamejitokeza kila upande. Kabla sijashuka alinionyesha namna ya kutembea: nyayo ziburute mchangani, zisiinuke. Taa aliyejifukia akiguswa ubavuni hukimbia. Akikanyagwa hupiga mwiba wa mkia, na maumivu yake humlaza mtu mzima.

Adhuhuri nilitia kipimajoto kwenye maji ya kina cha kifundo cha mguu: nyuzi 33. Pale kwenye kina, 29. Ndani ya kijito kilichofunikwa na miti, 26. Mchana ule sikuona taa hata mmoja kwenye maji ya ukingoni. Usiku, mzee alipowasha kurunzi, walikuwa wametanda palepale palipokuwa pakichoma mchana.

Alimnasa mmoja kwa wavu wa mkono akamweka kwenye beseni. Alikuwa cururu, taa mdogo wa mto huu, ambaye wanasayansi walimpa jina la Potamotrygon wallacei mwaka 2016, kwa heshima ya Alfred Russel Wallace aliyesafiri humu kati ya 1850 na 1852. Nyuma ya kila jicho ana tundu la kuvutia maji, likifumba na kufumbua taratibu. Asubuhi jua lilipolifikia beseni, matundu yale yakaanza kwenda mbio. Mzee hakupima chochote. Alilisogeza beseni kivulini, akaongeza maji ya mto kidogokidogo, na mwendo ukatulia.

Hapo nikaelewa nilichokifuata. Lita moja ya maji ya nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni. Yakifika 30, hubaki 7.6, wakati mwili wa samaki nao unadai zaidi. Mtoni taa huhama. Kwenye tangi hana pa kuhamia. Na hata ziwa zima laweza kukosa pa kukimbilia: katika ukame wa Septemba 2023, maji ya Ziwa Tefé, magharibi ya Manaus, yalipita nyuzi 39 na pomboo zaidi ya 100 wakafa.

Kwa hiyo kwenye tangi shika nyuzi 25 hadi 28, na zisiyumbe. Chini ya hapo hamu ya kula hupungua na mmeng'enyo huzorota. Zikipita 30, ongeza pampu ya hewa mara moja. Kumbuka pia amonia, taka itokayo mwilini mwa samaki. Asidi ya Rio Negro huidhibiti isiwe sumu, lakini maji mengi ya visima vya pwani yetu hayana asidi hiyo, na kadiri yanavyopata joto ndivyo amonia inavyozidi kuwa kali. Kwa mfugaji wa Nairobi mwezi wa Julai, hita ni lazima, nayo iwekewe kizuizi au ikae nje ya tangi kuu, maana taa hulala juu ya kitu chochote na huungua bila kuondoka. Kwa wa Dar es Salaam mwezi wa Februari, kazi ni kupoza: kivuli, feni juu ya maji, mfuniko wazi kiasi.

Motoro, aina nyingine ya taa wa mtoni, hufikia upana wa nusu mita. Kama huna tangi pana, umeme wa uhakika na kipimajoto unachokisoma asubuhi na jioni, tafadhali usimnunue.