Mashine Nzito

"Fundi, mashine imekuwa nzito, nipigie Windows." Ombi hili ndilo lililonilisha miaka yote niliyokaa benchi, na humo humo ndimo lilimojificha kosa kubwa la kazi yetu. Mteja haleti ugonjwa peke yake, huja na dawa yake mkononi. Dawa yenyewe inavutia, maana flashi ipo mezani na bei inajulikana mtaa mzima. Ninachokishikilia, na ambacho nimekirudia kwa kila kijana aliyeshika bisibisi pembeni yangu, ni kwamba mashine inayochelewa kuwaka ipimwe diski kwanza, kabla mkono haujagusa Windows. Diski siyo mkosaji wa kila siku. Mara nyingi zaidi ni virusi, au programu chungu nzima zinazogombania kuwaka pamoja na mashine. Lakini mpangilio wa vipimo haufai kufuata wingi wa visa, ufuate ukubwa wa hasara ukikosea. Ukishuku diski kumbe ni virusi, umepoteza dakika 10. Ukishuku virusi kumbe ni diski, ukafomati, umefuta daftari la madeni la duka au tasnifu ya mwanafunzi, tena kwenye diski ambayo kesho huenda isisomeke hata kwa mwenye vifaa bora kuliko vyako.

Kuwaka kwa kompyuta kuna vituo, na kila kituo kina mwenyewe. Ukibonyeza kitufe, BIOS hukagua rami, huiita diski, hutafuta kila kilichochomekwa. Ikiridhika ndipo huikabidhi Windows, nayo hupakia kiini chake, madreva na huduma, hadi kwenye nywila. Kwa hiyo swali la kwanza ni muda unapotelea kituo gani. Nembo ya mtengenezaji ikiganda kwenye kioo dakika mbili, Windows bado haijaguswa, na hata ukiipiga upya mara tatu dakika hizo hazirudi. Hapo chomoa kila kitu cha USB, toa kisoma kadi, toa kiendeshi cha DVD, halafu pima tena, maana kifaa kimoja kisichoitika huifanya BIOS ingoje. Ile betri ndogo ya CR2032 nayo isisahauliwe: volti zake 3 zikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi na mipangilio hupotea, ukiwemo ule unaosema mashine ianzie diski ipi.

Uchelewaji unaohitaji jicho kali zaidi ni ule wa baada ya nembo, kwa sababu sura yake inafanana mno na ya virusi. Tazama taa ya diski. Kwenye mashine iliyojaa programu taa hupepesa haraka haraka, unaona kazi inakwenda. Kwenye diski inayokufa taa huwaka ikabaki imewaka. Kila kitu kinasimama, ghafla kinasonga, halafu kinasimama tena. Weka sikio kwenye kava, mara nyingi utasikia mkono wa kusomea ukigonga, unanyamaza, unagonga tena kwa mwendo ule ule. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika, ile iliyozoeleka kwenye laptopu, huzunguka mara 90 kila sekunde. Sekta moja ikikataa kusomeka, na sekta ni baiti 512 kwenye diski za zamani au 4,096 kwenye za baadaye, diski haikati tamaa. Husubiri sahani izunguke irudi, hujaribu tena, husogeza mkono kidogo, hujaribu tena. Linux kwa kawaida huipa diski sekunde 30 kabla ya kuhesabu kwamba ombi limekwama, na katika sekunde hizo sahani imeshazunguka mara 2,700, pengine kwa ajili ya kipande kimoja cha faili moja. Sasa kumbuka kwamba kuwaka kunahitaji maelfu ya faili ndogo, nyingi zikisubiriana. Sekta chache tu zikiharibika kwenye njia hiyo, dakika zinarundikana. Mashine ikishafunguka, vilivyohitajika vimekwisha kukaa kwenye rami, kazi inakwenda vizuri, na mwenyewe anaapa kwamba vifaa ni vizima. Ndivyo lawama inavyoiangukia Windows.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote linatoka kwa mafundi wenzangu: mbona ukipiga Windows upya mashine inakuwa nyepesi? Ni kweli, mara nyingi huwa nyepesi, na ndiyo maana imani hii haifi. Sekta isiyosomeka huwekwa kwenye orodha ya kusubiri mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake; wakati huo diski hujaribu kuandika, na ikishindwa huiacha sekta hiyo na kuchukua nyingine kutoka akiba yake. Kupiga Windows ni kuandika kwingi. Faili mpya huangukia mahali pengine, au kwenye sekta zilizokwisha kubadilishwa, na mwendo hurudi. Lakini sahani iliyochubuka haijapona wala kichwa kilichochoka hakijapumzika. Faili ndizo zilizohama. Baada ya wiki au miezi uzito unarudi, mteja anaambiwa ni virusi tena, analipa tena, na kila safari akiba ya sekta inapungua. Nafuu ile inayotolewa kama uthibitisho kwamba tatizo lilikuwa Windows inatokea vilevile diski ikiwa mbovu, kwa hiyo haithibitishi lolote.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtambo. Diski hutunza kumbukumbu ya afya yake, iitwayo SMART, na programu za bure kama smartmontools na CrystalDiskInfo huisoma kwa sekunde chache. Naanza na mistari mitatu: 05, sekta zilizokwisha kuhamishwa, C5, zinazosubiri, na C7, makosa ya njiani kati ya diski na mazabodi. C5 ikiwa na namba yoyote juu ya sifuri kwenye mashine nzito, nasimamisha yote naanza kunakili. C7 ni habari nyingine, huelekeza kwenye waya au soketi, na diski yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa. Hesabu yake hairudi sifuri hata waya ukibadilishwa, kwa hiyo iandike, badilisha waya, washa mara kadhaa, uone kama imepanda.

Watasema SMART hudanganya. Kwamba haitoshi, nakubali, na ushahidi upo: mwaka 2007 Pinheiro, Weber na Barroso wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000, wakakuta zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha chochote kwenye dalili nne walizoziona kuwa na nguvu. Ila uchunguzi huo huo ulikuta kwamba diski ikishatoa kosa la kwanza la ukaguzi wa uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa hilo. SMART ikinyamaza, basi, haijaisafisha diski, na ndiyo maana kwenye mashine nzito iliyonyamaza naongeza kipimo cha kusoma uso mzima na kutazama ni vipande vipi vinachelewa. Ikisema, kuendelea kufomati ni uzembe, na neno hilo nalitumia nikiwa nalimaanisha.

Yupo pia anayeona huu ni mzunguko mrefu: weka SSD, mambo yaishe. SSD naipenda, na kwa mashine za mtumba zinazofika kwetu ndiyo matengenezo yenye faida kubwa kuliko mengine. Mstari wa 09 kwenye diski za mashine hizo huonyesha saa zilizokwisha kutumika, na saa 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu bila kuzimwa. Lakini SSD iliyochomekwa kwenye waya mbovu hurithi makosa yale yale ya waya, na kabla ya kuifunga lazima vilivyomo kwenye diski ya zamani vitolewe. Programu nyingi za kunakili hukwama kwenye sekta mbovu ya kwanza. GNU ddrescue huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huandika zilizokataa, kisha huzirudia mwishoni, wakati diski haina tena cha kupoteza. Kazi hiyo inaweza kukesha, na ada yake naidai waziwazi kabla sijaanza. Diski ya zamani namrudishia mwenyewe, pamoja na karatasi yenye namba za 05, C5 na 09 za siku ile aliyoileta.