Nani Afunge Usiku wa Ngome Kongwe?

Huku kwetu Uru wazee huitaja Unguja kwa vyuo vyake na masheikh wake. Lakini ukaribiapo mwezi wa Februari vijana wetu huitaja kwa jambo jingine, nalo ni tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004. Katika hukumu ya ngoma na zumari wanazuoni wamehitilafiana tangu kale, nami siufungui mlango huo leo. Neno langu ni hili: ni nani astahiliye kuandikwa juu ya tangazo kwa herufi kubwa, na kupewa saa ya mwisho ya usiku, Ngome Kongwe imejaa watu?

Mpwa wangu, aliyetenga fedha za kahawa yake kwa ajili ya nauli, ashikilia kwamba nafasi hiyo ni ya wageni wenye sifa, watokao Mali, Afrika Kusini na kwingineko. "Mjomba," aliniambia, "watu hawavuki bahari kwenda kumsikiliza jirani." Akanikumbusha mwaka 2016, tamasha lilipokosa kufanyika kwa upungufu wa fedha. Hoja hiyo ina uzito. Asiyejaza ua atawalipa nini hata wapiga ngoma wa kijijini kwake?

Hata hivyo nilimwuliza: Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905, na Culture mwaka 1958, ni vyama vingapi vya muziki katika nchi zetu vyenye umri huo? Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na kuitia mkononi ni kazi ya miaka. Kijana akimwona mzee wa kanuni anapandishwa jukwaani mchana, viti vitupu, kisha usiku wote akakabidhiwa mgeni, atajifunza kwa tamaa gani?

Tena Siti binti Saad alitoka Fumba akiuza vyungu, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika santuri huko Bombay. Bi Kidude naye, aliyefariki mwaka 2013, alilipanda jukwaa la tamasha hili hili akiwa bikizee, na wageni wakavuka bahari kwa ajili yake. Huyo si jirani?

"Bi Kidude alikuwa mmoja tu, Mjomba, Mungu amrehemu."

Mke wangu, aliyekuwa akimenya ndizi, akasema: "Mwagombea saa ya mwisho, na mama mwenye mtoto saa tatu amekwisha rudi nyumbani. Yeye mmemwekea nani?" Tukanyamaza kidogo.

Mimi nasema usiku mmoja angalau ufungwe na chama cha kale, mgeni maarufu amtangulie, ili watu wawe wamekwisha kuingia. Mpwa wangu asema watatoka. Basi nimemwagiza atazame: wazee wa taarabu wakipanda, wa rika lake wangapi wabaki wamekaa.