Nairobi na Dar es Salaam: Umbali Usiopimika kwa Kilomita

Ukipimwa angani, umbali baina ya Nairobi na Dar es Salaam ni kilomita 670 hivi. Barabara ipitayo Namanga, Arusha, Moshi na Chalinze inakaribia kilomita 900. Abiria wa basi hushinda au hukesha njiani. Wa ndege huhitaji muda unaozidi saa moja kwa kiasi kidogo tu, na akibahatika kupata anga jeupe, huutazama Mlima Kilimanjaro kwa raha zake.

Hata hivyo, msomaji mpendwa, tarakimu hizi hazisemi yote. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Shirika la ndege la pamoja, lililoasisiwa mwaka 1946, lilikufa nayo, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Ardhi haikusogea hata shubiri moja, lakini miji hii ilitengana.

Mdogo wake nyanya yangu alikuwa ameolewa Dar es Salaam miaka miwili kabla ya mpaka kufungwa. Ndugu hao hawakuonana hadi ulipofunguliwa. Hapo ndipo nyanya alipomwona kwa mara ya kwanza mpwa wake, binti wa miaka mitano asiyejua neno la Kikamba. Binti huyo aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, mama mkubwa." Nyanya aliitikia, "Marahaba, mwanangu." Hakuhitajika mkalimani. Nyanya husimulia kwamba wakati huo ndipo alipohisi kwamba miaka yote ile haikuwa imempotezea jamaa yake.

Mkataba wa mwaka 1999 uliifufua Jumuiya. Lakini Agosti 2020, kufuatia mvutano kuhusu masharti ya karantini wakati wa janga la korona, ndege za Kenya zilizuiwa kutua Tanzania hadi Septemba. Nyanya alipoisikia habari hiyo redioni, aliuliza swali moja tu: "Wamefunga tena?" Januari 2024 zuio jingine lilitangazwa, likaondolewa kabla ya kutekelezwa.

Wahenga walinena kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Mimi naongeza: hukutana iwapo wana njia na wana lugha. Njia hufungwa kwa tangazo la siku moja. Lugha haifungiki hivyo. Ndiyo iliyomwezesha mtoto wa Dar es Salaam kumwamkia mgeni kutoka Nairobi kwa jina la ujamaa wao. Julai 2022 viongozi wa nchi wanachama waliokutana Arusha waliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Ni hatua ya kupongezwa, ila haitakuwa na maana mikataba ya usafiri ikiendelea kujadiliwa kwa lugha ambayo wasafiri wengi hawaielewi. Kuitafsiri na kuifafanua mikataba hiyo ni kazi yetu sisi tunaosomea Kiswahili. Tusingoje kuombwa.