Kimya Si Ushahidi

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Kakola hadi Geita, ziko ndoa nyingi zinazoishi kwa simu. Mume yuko machimboni, mke yuko Shinyanga na watoto, na baina yao kuna safari ya basi, vumbi, na pesa inayotumwa pale duara linapotema. Ndoa yetu ni mojawapo. Mmoja wetu ni mwalimu wa sekondari mjini Shinyanga; mwingine ni fundi wa pampu za maji katika maduara ya wachimbaji wadogo mkoani Geita, na ujira wake hutegemea mawe yatakayotoka.

Mwaka jana duara alilokuwa akilihudumia lilikaa miezi mitano bila kutema. Simu zetu zikawa fupi, kwani kila mazungumzo yaliishia kwenye mahitaji ya shule na kodi ya nyumba. Tukakubaliana tusome kitabu pamoja, sura moja kila usiku baada ya sala ya Isha, ili simu iwe na jambo jingine la kusema zaidi ya pesa. Tulichagua The Sign of Four, riwaya ya Arthur Conan Doyle iliyotoka mwaka 1890, katika zama za Malkia Victoria. Ina sura 12. Mwalimu alisoma Kiingereza na kusimulia kwa Kiswahili. Fundi alisikiliza na kumkisia mwuaji.

Wasomaji wanaowafahamu Bwana Msa na rafikiye Najum, katika riwaya za Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar, hawatakuwa wageni hapa. Wapelelezi ni wawili: Sherlock Holmes mwenye akili kali, na Dakta Watson mwenye moyo mpole. Anawajia binti aitwaye Mary Morstan, mwalimu wa watoto katika nyumba ya watu. Baba yake alitoweka miaka kumi nyuma, na kwa miaka sita mtu asiyejulikana amekuwa akimpelekea lulu moja kila mwaka. Inadhihirika kwamba ipo hazina ya vito kutoka Agra, India, iliyopatikana kwa kumwua mtu wakati wa uasi wa 1857, na binti anahesabiwa kuwa na fungu lake humo. Kwa watu wa Shinyanga, habari ya vito kuvuka bahari haihitaji maelezo. Almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 ilikwenda Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth, binti wa mfalme.

Watson anampenda binti huyo tangu siku ya kwanza, lakini hasemi. Yeye ni daktari aliyejeruhiwa vitani, anayeishi kwa pensheni ndogo. Binti anakaribia kuwa tajiri, naye anaona haya kuonekana ametamani mali. Hivyo anasaidia kuitafuta hazina ambayo, ikipatikana, itamtenga naye. Kuna usiku wanashikana mikono gizani, jambo ambalo kwa adabu yetu halina nafasi kabla ya nikahi. Kilichotugusa sisi ni lile neno alilolizuia ulimini. Mwishowe anamletea binti sanduku la hazina. Linafunguliwa, ni tupu: vito vimetupwa katika mto Thames. Hapo ndipo Watson anapomshukuru Mungu waziwazi, na kusema yaliyo moyoni mwake.

Usiku ule fundi alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akasema: “Mama watoto, huku kwetu ni kinyume chake. Yule alinyamaza kwa sababu mwenzake ana mali. Sisi machimboni hunyamaza kwa sababu hatuna.”

Tuliyatafakari maneno hayo kwa siku nyingi. Mchimbaji ambaye hajapata huona haya kupiga simu nyumbani na mikono mitupu. Anasubiri duara liteme ndipo apige. Wiki inapita, mwezi unapita, na kimya chake kinapata wafasiri mtaani. Tafsiri yao aghalabu ni moja: ameoa huko. Maneno hayo hata sisi yalitufikia, yakiletwa na watu waliodai wanatuhurumia.

Katika riwaya yumo ofisa wa polisi, Athelney Jones, anayefika nyumbani kwa marehemu na mara anamkamata nduguye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa naye mwisho. Nduguye hakuua. Holmes alipanda hadi darini, akachunguza vumbi na nyayo, ndipo akasema. Kimya cha mume nacho ni dalili, si ushahidi. Huenda ameoa, huenda anaumwa, huenda hana kitu na anaona haya. Wala njia ya kujua si kupekua simu yake, kwani aya ya 12 ya Suratul Hujurat inatutahadharisha na dhana na inakataza kuchunguzana. Njia ni kumwuliza mwenyewe, kwa upole, naye ajibu kwa ukweli. Haya hazimwondolei mume wajibu wa kutunza mke na watoto. Lakini pesa isipokuwepo, angalau habari zake ziwepo.

Kwa hiyo tumewekeana sharti dogo: simu itapigwa kila usiku, duara liteme lisiteme, na ukosefu utatajwa kwa jina lake. Ziko siku fundi amesema, “Leo hakuna kitu,” na mwalimu akajibu kwamba huku wamekula ugali kwa mlenda na watoto wamelala salama. Mazungumzo yakaendelea.

Duara lile halikutema, na fundi amehamia jingine. Sisi tumeanza kusoma Kisima cha Giningi cha Muhammad Said Abdulla. Bado tuko kurasa za mwanzo, na hatujakubaliana nani wa kutiliwa shaka.