Arusi ya Jua la Saa Tatu

Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, jua ni mtumishi mwaminifu. Huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi, likatua karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka nenda mwaka rudi. Bibi arusi akichelewa kutoka chumbani, au akina shangazi wakikataa kufungua mlango mpaka wapewe haki yao, mpiga picha hukaa kitako akangoja, kwa maana mchana bado upo.

Sivyo mambo yalivyo katika mji wa Kiruna, kaskazini kabisa mwa Uswidi, kiasi cha kilomita 145 kupita Duara ya Aktiki. Huko, katikati ya mwezi wa Januari, jua huchomoza karibu saa nne asubuhi na kutua kabla ya saa nane mchana. Kuanzia karibu tarehe 10 Desemba hadi mwanzoni mwa Januari halichomozi kabisa. Karibu na adhuhuri anga hupata weupe kidogo wenye rangi ya samawati, kisha giza hurudi. Baridi ya digrii 30 chini ya sifuri si jambo la kumshangaza mwenyeji. Hata hivyo, wako watu wanaochagua majira hayo kufunga ndoa, na wengine husafiri kutoka mbali kwa ajili hiyo.

Wengi wao huelekea Jukkasjärvi, kijiji kilicho kando ya mto Torne, mwendo wa chini ya kilomita 20 kutoka Kiruna. Hapo lipo kanisa la mbao lililojengwa mwaka 1607, ambalo ni kongwe kuliko makanisa yote yaliyosalia katika eneo la Lapland. Ukuta wake wa nje ni mwekundu, na ndani, juu ya madhabahu, umo mchongo wa mbao wenye rangi nyingi, kazi ya Bror Hjorth, uliowekwa mwaka 1958. Kwa mpiga picha, wekundu huo ni neema kubwa. Nje yote ni meupe: ardhi, miti, mto ulioganda, na juu ya hayo vazi la bibi arusi. Pasipo ukuta ule, bibi arusi angepotea katika theluji kama chumvi katika unga.

Weupe huo ndio mtego wa kwanza wa kazi hii. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera kimetengenezwa kwa kudhani kwamba kila kitu duniani kina wastani wa weupe na weusi. Kikielekezwa kwenye theluji, hudhani mwanga umezidi, kikaupunguza. Matokeo yake theluji hutoka kijivu kama majivu ya jikoni, na shela hufanana na nguo isiyofuliwa. Fundi anayeijua kazi yake hakitii kipimo hicho. Huongeza mwanga kwa hatua moja au mbili, lakini kwa hadhari, kwani akizidisha, marembo ya vazi hufutika yote.

Mtego wa pili ni baridi yenyewe. Betri iliyojazwa umeme usiku kucha yaweza kuishiwa nguvu kabla ya pete kuvishwa. Kwa hiyo mpiga picha huvaa betri za akiba karibu na kifua, ndani ya nguo, mithili ya mama anayemkinga mtoto mchanga. Hapulizi pumzi karibu na lenzi, kwa kuwa pumzi huganda papo hapo juu ya kioo. Anapoingia ndani kwenye joto, haitoi kamera mara moja. Huifunga kwanza katika mfuko wa plastiki ilipo bado nje, ili umande utue juu ya mfuko, usitue juu ya lenzi, kisha huiacha ipate joto polepole. Asiyefahamu jambo hilo hujikuta katikati ya ibada akiwa na kamera iliyopofuka.

Na hapo ndipo ugumu wa siku hiyo unapoonekana. Picha ya chakula yaweza kupigwa tena kesho. Ya arusi haina kesho. Chini ya gauni jeupe bibi arusi amevaa sufi nzito, na miguuni ana viatu vya manyoya ambavyo hakuna anayeviona. Dada yake husimama kando, nje ya picha, amekumbatia koti. Mpiga picha huwa ameshachagua mahali mapema, akapima mwanga kwa kutumia mtu mwingine, akajua ni wapi kila mmoja atasimama. Ndipo koti huvuliwa. Picha tatu, nne, tano. Kisha koti hurudishwa upesi. Baada ya dakika chache pua huwa nyekundu, macho hutoa machozi ya baridi, na tabasamu hukakamaa. Mpiga picha anayewaweka watu nje kwa ajili ya kutafuta picha moja nzuri zaidi amesahau kwamba arusi ni yao, wala si yake.

Jirani na kanisa hilo kuna nyumba ya wageni iliyojengwa kwa barafu na theluji. Barafu yake hukatwa katika mto Torne mwezi wa Machi na kuhifadhiwa. Ujenzi huanza majira ya baridi yanayofuata. Kuta, vitanda na ukumbi wa sherehe ni barafu, na humo ndani baridi hukaa kati ya digrii 5 na 8 chini ya sifuri. Maharusi huapa viapo vyao mbele ya nguzo zinazopitisha mwanga kama kioo. Mwezi wa Aprili jua hurudi kwa nguvu, nguzo hulia matone, na ukumbi wote hurejea mtoni. Mwaka unaofuata hujengwa mwingine, wenye sura nyingine. Walioana humo hawawezi kurudi na kusema, "Hapa ndipo tuliposimama." Kilichobaki ni picha.

Mtu aweza kusema kwamba barafu ni barafu, imeumbwa iyeyuke. Lakini hata kanisa kubwa la mji wa Kiruna, lililofunguliwa mwaka 1912 na kujengwa kwa mfano wa kibanda cha Wasami, halikubaki mahali pake. Machimbo ya chuma yaliyouzaa mji huo yalizidi kuchimbwa chini yake mpaka ardhi ikaanza kupasuka. Tarehe 19 na 20 Agosti 2025 kanisa hilo, lenye uzito wa tani 672, lilibebwa zima juu ya magari na kupelekwa kiasi cha kilomita 5. Mbao ni zilezile, lakini kilima walichosimama maharusi wa miaka zaidi ya mia moja hakina kanisa tena.

Askari aliyepangiwa kazi mbali na kwao, ambaye huiweka picha ya mkewe katika mfuko wa shati, hahitaji kufundishwa thamani ya jambo hili. Nyumba hubomolewa, miti hukatwa, watu huhamishwa. Basi kila familia na ifanye jambo moja lisilo na gharama: nyuma ya picha ya arusi yaandikwe majina, tarehe na mahali. Mjukuu wa Kiruna ataishika picha ya bibi yake mbele ya kanisa lile, naye atajua aende kilima gani, ingawa akifika hatakuta ukuta wa kuegemea.